Mtoto mwenye pumu asiachwe nyumbani: Siku moja ya baiskeli kando ya mto Danube

JE, mpenzi msomaji, una mtoto ambaye wenzake wanapotoka kwenda kucheza yeye huambiwa akae kando awashikie sweta? Kama unaye, na kama sababu ni kwamba ana pumu, makala haya ni yako. Ni yangu pia, kwa maana mimi ni daktari na hilo ndilo nililomfanyia kitinda mimba wangu kwa miaka miwili.

Mwana wetu alikuwa na umri wa miaka saba pumu ilipomzidi usiku, tukamkimbiza hospitalini. Alilazwa siku tatu. Mimi niliyezoea kusimama kando ya vitanda vya watoto wa wengine nilijua kwa mara ya kwanza jinsi mzazi anavyohesabu pumzi za mwanawe mpaka kukakucha. Juma lililofuata niliandika barua kwenda shuleni mwake nikisema asishiriki mbio wala mpira. Niliitia sahihi na muhuri. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi naongeza kwamba wakati mwingine hata mwanawe hamgangi.

Barua ile ilikuwa ya hofu, wala haikuwa ya utaalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Mtoto mwenye pumu hajatolewa katika hesabu hiyo. Akikalishwa kitini hunenepa, moyo na misuli yake hulegea, na siku anapolazimika kukimbia kidogo tu huhema upesi kuliko wenzake. Mzazi anapoona hivyo husema, "Si niliwaambia hawezi?" Kumbe ni yeye aliyemfanya asiweze.

Kilichonifungua macho ni safari ya baiskeli iliyofanyika mbali na nyumbani. Nitakusimulia jinsi ilivyokuwa, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe njiani, ili wewe usilirudie.

Njia ya familia

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, anaishi Vienna, mji mkuu wa Austria. Alitualika tumtembelee wakati wa likizo ya shule ya Agosti 2024, akatuandikia kwamba siku moja tutaendesha baiskeli kando ya mto Danube.

Huenda umeusikia mto huu katika somo la jiografia. Una urefu wa takriban kilomita 2,850, unaanzia Ujerumani na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Kando yake kuna mojawapo ya njia za baiskeli zinazopendwa zaidi barani Ulaya. Kipande kinachojulikana sana ni cha kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, hadi Vienna. Ni takriban kilomita 320, na familia nyingi huzimaliza kwa muda wa juma moja hivi, zikilala katika nyumba za wageni njiani. Sehemu nyingi za njia hiyo zilikuwa zamani za farasi waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba kuelekea juu ya mto, hadi meli za mvuke zilipochukua kazi hiyo katika karne ya 19. Kwa kuwa njia hufuata maji, vilima ni vichache, na anayeelekea Vienna hufuata mkondo. Ndiyo maana utaona humo mzee wa miaka 70, na utamwona pia mtoto mchanga akivutwa katika kigari nyuma ya baiskeli ya babake.

Shemeji alituchagulia kipande cha siku moja, kutoka mji wa Melk hadi Krems. Ni umbali wa kama kilomita 35, katika bonde liitwalo Wachau ambalo mwaka 2000 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mke wangu aliposoma barua hiyo aliikunja akaiweka mezani. "Wewe nenda na binti yako," akaniambia. "Mimi na huyu mdogo tutawapokea Krems kwa gari la moshi."

Matayarisho ya miezi mitatu

Sikubishana naye. Nilimpeleka mtoto kwa daktari mwenzangu anayeshughulikia magonjwa ya watoto, nami nikakaa katika kiti cha mzazi. Swali lake la kwanza liliniaibisha. Aliuliza, "Dawa ya kinga anaitumia kila siku?"

Msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Dawa za pumu za kuvuta ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kutuliza, kama vile salbutamol, ambayo hufungua mirija ya hewa katika muda wa dakika chache. Ya pili ni ya kinga, yenye steroidi kidogo, ambayo hupunguza uvimbe ulio ndani ya mirija. Hii ya pili haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo, na kwa sababu hiyo wengi huiacha wakidhani haifanyi kazi. Hilo ni kosa la hatari. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA umeacha kupendekeza kwamba kijana au mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Mtoto mdogo naye, kama dalili zake hurudi mara kwa mara, huhitaji kinga.

Mwanangu alikuwa akiitumia dawa yake ya kinga pale tu alipokohoa. Tulianza upya, asubuhi na jioni, kisha anasukutua kinywa kwa maji ili asipate utando mweupe wa ukungu ulimini. Tulinunua kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki ambacho mtu hupuliza ndani yake kwa nguvu na mshale ukaonyesha kasi ya hewa inayotoka. Kipimo chake bora kilikuwa 260. Mgonjwa akipata zaidi ya asilimia 80 ya kipimo chake bora yuko salama. Kati ya 50 na 80 ni onyo. Chini ya 50 ni hatari.

Kila Jumamosi tulikwenda msitu wa Karura jijini Nairobi tukakodi baiskeli. Tulianza na dakika kumi za mwendo wa pole, tukaongeza dakika tano kila juma. Mwezi wa tatu alikuwa akiendesha saa moja bila kukohoa. Mama yake alikuja kutuangalia mara mbili, akasimama langoni, hakusema neno. Usiku wa kuamkia safari nilimwona akitia katika mkoba wa mkononi pampu mbili za dawa badala ya moja. Nikajua kwamba amekubali kuja.

Mwendo ni wa mdogo

Tulipanda gari la moshi asubuhi kutoka Vienna, na baada ya saa moja na kitu tukashuka Melk. Juu ya mji huo kuna nyumba kubwa ya watawa ya rangi ya manjano. Watawa wa Benedikto wamekuwa hapo tangu mwaka 1089. Jengo linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1702 na 1736.

Tulikodi baiskeli tano. Kabla ya kuondoka, kila mmoja alikaa kitini na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu ukinyooka sawasawa, kiti kiko mahali pake. Kikiwa chini sana magoti huuma, kikiwa juu sana kiuno huyumba na mgongo ukachoka. Tulivaa kofia ngumu sote. Austria imewawekea sheria hiyo watoto wa chini ya miaka 12 tangu mwaka 2011, lakini ubongo wa mtu mzima hauna mfupa mgumu zaidi wa kuukinga dhidi ya lami.

Mwanangu alipuliza kipima pumzi akapata 255. Alivuta mipulizo miwili ya dawa ya kutuliza, tukasubiri dakika 15, ndipo tukaanza. Kwa robo saa ya kwanza tulikwenda polepole sana, mwendo ambao mtu anaweza kuimba huku akiendesha. Huko ndiko kuupasha mwili joto, na kwa mwenye pumu ni sehemu ya dawa.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba aliye mdogo ndiye atakayetangulia, na asipitwe na mtu. Katika familia nyingi baba hutangulia, huwaacha wenzake nyuma, kisha huwasubiri. Wanapomfikia yeye amekwisha kupumzika, naye huondoka tena papo hapo. Aliye dhaifu ndiye asiyepata mapumziko hata kidogo. Mdogo akitangulia, mwendo huwa wake na mapumziko huwa ya wote.

Kando ya mto kuna vibao vinavyoonyesha umbali kutoka mdomo wake ulio Bahari Nyeusi. Melk iko kama kilomita 2,036 kutoka huko na Krems kama 2,002. Mwanangu alisoma kila kibao kwa sauti, akifurahi kuona hesabu ikipungua. Kila baada ya dakika 20 tulikunywa maji mafunda machache bila kungoja kiu. Jua la Agosti lilikuwa kali na upepo wa baiskeli humdanganya mtu. Jasho hukauka upesi akadhani hatoki jasho.

Tulipita Schönbühel na Aggsbach upande wa kusini wa mto, tukafika Arnsdorf. Hapo tulivuka kwa feri hadi Spitz. Aliyezoea feri za Likoni atashangaa, kwa maana hii haisukumwi na injini. Imeshikizwa kwenye waya mnene uliovutwa juu ya mto, nayo hugeuzwa ubavu kidogo ili mkondo wa maji wenyewe uisukume hadi ng'ambo. Mke wangu alicheka hapo kwa mara ya kwanza siku ile.

Spitz tulikula mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, na jemu ya aprikoti, tunda ambalo bonde hilo linasifika kwalo. Tulipumzika zaidi ya saa moja kivulini. Tulikuwa tumefika nusu ya safari, na kifua cha mwanangu kilikuwa shwari.

Kosa la daktari

Furaha ilinilevya. Tulipopanda baiskeli tena niliona njia imenyooka kati ya mashamba ya mizabibu, na binti yetu wa miaka 13 akaanza kuongeza kasi. Mdogo wake akanitazama. Nami, badala ya kumkumbusha makubaliano yetu, nikapiga kelele, "Haya, mkamate dada yako!"

Alimkamata. Walishindana kama kilomita mbili, wakasimama karibu na Weissenkirchen wakicheka. Kicheko cha binti kilikwisha. Cha mwanangu kikageuka kikohozi. Akaweka mkono kifuani akasema, "Baba, kinabana."

Kinachotokea ni hiki. Mtu aliyetulia huvuta hewa puani, na pua huipasha joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Anapojikakamua huanza kupumua kwa kinywa, haraka haraka, na hewa kavu hupita moja kwa moja. Hewa hiyo hukausha utando wa mirija, na kwa mwenye pumu misuli inayoizunguka hukaza, njia ikawa nyembamba, pumzi ikatoa mlio kama wa filimbi. Aghalabu huanza wakati wa zoezi au dakika chache baada ya kusimama. Dawa aliyovuta asubuhi ilikuwa imekwisha nguvu, kwa kuwa kinga yake hudumu saa chache tu. Isitoshe, baada ya mapumziko marefu hatukuupasha mwili joto tena. Nilikuwa nayajua yote hayo, nikayasahau kwa sababu mtoto wangu alikuwa akikimbia kama watoto wa wenzangu.

Mama yake hakunilaumu. Alimketisha wima kwenye benchi, akamlegezea nguo, akatoa pampu na spesa, kile chombo cha plastiki kinachounganisha pampu na kinywa. Mpulizo mmoja, pumzi kadhaa za taratibu. Nusu dakika, mpulizo wa pili. Jumla minne. Alipopuliza kipima pumzi tulipata 180, yaani kama asilimia 70 ya kipimo chake bora. Hiyo ilikuwa onyo. Shemeji alikuwa amekwisha kushika simu, tayari kupiga 144, nambari ya gari la wagonjwa nchini Austria. Nilimwambia asubiri kidogo. Mtoto aliweza kusema sentensi nzima, midomo yake haikuwa ya samawati na ngozi haikuwa ikizama kati ya mbavu. Lakini nakiri kwamba mikono yangu ilitetemeka.

Baada ya dakika 20 tulipata 240. Kikohozi kilikwisha. Mke wangu akasema tupande basi hadi Krems, na hakuna daktari ambaye angemlaumu. Mtoto akainamisha kichwa, akatuuliza kwa sauti ndogo kama sasa atarudi kushika sweta za wenzake.

Mama yake alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Daktari, lakini si baba, unasemaje?"

Nilijibu kama daktari. Nilisema tungoje nusu saa nzima zaidi. Akipuliza tena na kipimo kisishuke, twende mwendo wa kuimba hadi Dürnstein, kama kilomita sita mbele, tumpime huko. Kikishuka hata kidogo, basi linapita pia Dürnstein. Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayekuwa nyuma ya mtoto na mimi niwe wa mwisho kabisa.

Dürnstein alipata 250. Juu ya mji huo kuna magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza, yule aliyeitwa Moyo wa Simba, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1192. Alipoyaona, mwanangu alitaka kuyapanda. Tulimwambia siku nyingine. Kabla ya jua kutua tuliingia Krems, yeye akiwa mbele.

Mambo ya kukumbuka

Huna haja ya kwenda Ulaya. Karura inatosha, na Hell's Gate karibu na Naivasha pia huruhusu baiskeli. Popote utakapokwenda na mtoto mwenye pumu, zingatia haya:

Kwanza, usianze safari kama pumu haijadhibitiwa. Anayeamka usiku kwa kikohozi, au anayehitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa juma, amwone daktari kwanza.

Pili, dawa ya kutuliza isiwe nyumbani wala chini kabisa ya mzigo. Sisi tulikuwa na pampu ya baiskeli na pampu ya mtoto, na ya mtoto ndiyo iliyokuwa juu. Usiiache juani au ndani ya gari lililofungwa. Hakikisha imebakiwa na dawa.

Tatu, tumia spesa. Kama huna uwezo wa kuinunua, mwulize daktari akuonyeshe jinsi ya kuitengeneza kwa chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba chupa hiyo huwasaidia watoto sawa na spesa ya dukani.

Nne, pasha mwili joto kila mnapoanza, hata baada ya chakula cha mchana. Mwulize daktari kama mtoto wako avute dawa kabla ya zoezi na kwa kiasi gani.

Tano, kimbilia hospitali bila kuchelewa kama mtoto hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, ngozi inazama kati ya mbavu, dawa haimsaidii, au nafuu yake haidumu saa nne.

Na yeyote atakayekwambia kwamba mwenye pumu si mtu wa mbio, mkumbushe Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeugua pumu tangu utotoni. Mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya saa 2:15:25. Ilidumu miaka 16, hadi Brigid Kosgei wetu alipoivunja mjini Chicago mwaka 2019.

Tuliporudi nyumbani niliandika barua ya pili kwenda shuleni. Nilieleza kwamba mwanangu acheze kama wenzake, apewe dakika kumi za kujinyoosha kwanza, pampu yake iwe kwa mwalimu wa michezo uwanjani na si ofisini chini ya kufuli, na nikaeleza la kufanya akianza kukohoa. Mwalimu alinipigia simu kuuliza kama nina hakika. Nilimwambia ninayo, nikamwomba anitupie ile barua ya kwanza.

Nawe, msomaji, kama kuna barua ya namna hiyo yenye sahihi yako katika faili ya shule fulani, nenda na mwanao kwa daktari juma hili, kisha ukaiombe.